Mifuko ya Maziwa Kwenye Kamba ya Nguo

Mimi ni kinyozi. Kazi yangu imenizoesha kusikia mambo ya watu na kuyameza. Hili nalisema kwa sababu ni la nyumbani kwangu, na kwa sababu mkosaji mkubwa humo ndani nilikuwa mimi, ingawa mke wangu anang'ang'ania kwamba ni yeye, na mama yangu naye hataki kuachia nafasi hiyo.

Mke wangu alifundisha kemia sekondari kwa miaka tisa kabla ya kurudi chuo kusomea shahada ya uzamivu. Habari zilipoenea mtaani kwamba anasomea udaktari, jirani wa upande wa kushoto alikuja na goti lake. Akaelezwa kwa upole kwamba si udaktari huo.

"Basi udaktari wa nini?"

"Wa plastiki, kaka. Hizi pakiti na mifuko tunayotupa."

Jirani akalitazama goti lake, akamtazama mke wangu. "Kwani plastiki nazo zinaumwa?"

Tangu siku hiyo mtaa mzima ukamwita Daktari wa Mifuko. Hakukasirika hata kidogo. Alisema jina hilo ni zuri kuliko kichwa cha utafiti wake, ambacho kilikuwa na maneno ishirini na matatu na hakikuwa kimekamilika.

Nitaueleza utafiti wenyewe kwa kadiri nilivyouelewa mimi mtu wa mkasi. Kiwandani, plastiki laini huoshwa kwa maji ya moto, hukaushwa kwa mashine, kisha huyeyushwa kwa umeme mwingi. Umeme huo nao umetoka mahali, mara nyingi kwenye moto na moshi. Kwa hiyo unaokoa mfuko huku unachafua hewa. Mke wangu alitaka kazi hiyo ifanywe na jua. Juu ya paa la maabara yao kulikuwa na sinia kubwa la vioo, pana kama kitanda cha watu wawili, lililopindwa kama bakuli ili likusanye jua na kulielekeza kwenye chungu cha chuma. Plastiki ikilainika, inamiminwa kwenye kalibu na kukandamizwa kwa jeki ya gari. Inayotoka humo ni kigae cha sakafu, cha kijivu, kizito, kimetulia mkononi.

Lakini hilo la jua wengine walishalijaribu. Jipya lilikuwa unga. Plastiki za namna tofauti hazishikani; ukiyeyusha mfuko wa maziwa pamoja na pakiti ya biskuti ni sawa na kuwalaza ndugu waliogombana kitanda kimoja. Watavumiliana mpaka asubuhi, basi. Mke wangu alikuwa ametengeneza unga mweupe wa kuwapatanisha. Dai lake lilikuwa hili: hakuna haja ya kuchagua. Leta takataka zote laini za jikoni, osha, kausha, tia unga, mengine liachie jua.

Sasa, huko kuosha na kukausha ndiko alikoingia mama yangu.

Mama alikuwa dobi wa hospitali kwa miaka thelathini na moja. Alipostaafu akahamia kwetu, kwenye chumba kinachotazama ua, nyuma ya kibanda changu cha kunyolea. Wiki ya kwanza alifua kila kilichofulika. Wiki ya pili akafua mapazia ya jirani. Wiki ya tatu mke wangu alileta nyumbani magunia manne ya plastiki kutoka nyumba arobaini zilizokubali kumkusanyia, akaanza kuyaosha mwenyewe huku amefunga khanga kiunoni na daftari limebanwa kwapani. Mama alimwangalia kwa muda, mikono kiunoni, kisha akamwambia, "Mwanangu, toka hapo. Unayalowesha tu."

Ikawa ndivyo. Kila Jumamosi magunia yanakuja, mama anapanga mabeseni matatu: la kutoa uchafu, la sabuni, la kusuuza. Alizipasua pakiti kwa mkasi niliokwisha kuustaafisha mimi, akazigeuza ndani nje, akaanika. Ua wetu ulijaa mifuko ya maziwa, mifuko ya mkate na pakiti za sabuni, zote zimebanwa kwa vibanio kwenye kamba tano, zinapepea kama kuna sherehe ya wajinga. Wateja wangu walikuwa wakichungulia kwa mlango wa nyuma na kuniuliza kama tumeanza kuvaa nailoni.

Nilikuwa namwona mama akishika kila pakiti kabla haijaingia beseni la pili. Anaikunjakunja karibu na sikio. Anaivuta kwa vidole gumba. Nyingine anaitazama kwa ndani, anasonya, anaitupa kwenye ndoo iliyokuwa nyuma ya mlango. Na kila Jumapili, kabla sijafungua kibanda, mimi nilikuwa naichukua ile ndoo na kwenda kuimwaga kwenye pipa la mtaa. Miaka miwili. Sikuuliza kitu. Nilidhani ni zile zilizooza mno. Mama akisema kitu ni kichafu, nyumbani kwetu huwa hakuna rufaa.

Ijumaa mke wangu alikuwa akikusanya plastiki iliyokauka, inanukia sabuni, imekunjwa kama shuka. Anaishika shavuni na kusema, "Mama, safi kabisa. Asante sana." Mama anajifanya anatafuta kibanio kilichoanguka.

Vigae vikatia fora. Mia moja, mia mbili, mia tatu, kila kimoja kikawekwa kwenye mashine ya kuvunjia na kugoma kuvunjika. Msimamizi wake, ambaye wanafunzi wote humwita Profesa Mkato kwa jinsi anavyohangaika na alama za uandishi, alizipitia hesabu zake mara tatu akitafuta kosa, akakuta mikato miwili tu isiyo mahali pake. Walipiga hesabu ya hewa ukaa tangu gunia mpaka kigae, ikaonekana njia ya mke wangu inapunguza kwa asilimia sitini na moja ukilinganisha na kiwanda. Makala ikatoka. Watu wa vyuo vya mbali wakaandika barua kuuliza huo unga una nini. Mke wangu akawa anaimba akichemsha chai. Haimbi vizuri, lakini hatukumwambia.

Ilipobaki miezi mitano akabidhi tasnifu, dada yangu akajifungua mapacha, na mama akaondoka kwenda kumsaidia kwa wiki sita. Kabla ya kupanda basi alinikabidhi mabeseni matatu kana kwamba ananikabidhi nchi.

"Usiwe mvivu kwenye kusuuza," aliniambia. Basi. Hakusema lingine, kwa sababu kwake hilo lingine halikuwa jambo la kusema. Ni sawa na kumkumbusha mtu apumue.

Nikaosha. Naapa, niliosha kwa bidii. Nilisuuza mara mbili, nikaanika kwa mistari iliyonyooka, na sikutupa hata pakiti moja, tena nikajisifu moyoni kwamba mimi sina anasa za mama. Ijumaa mke wangu akashika mifuko shavuni, akasema, "Mume wangu, safi kabisa." Nilijisikia kama nimepewa cheo.

Jumatano iliyofuata alirudi mapema, na kigae kwenye mkoba. Akakiweka mezani, akakigonga kwa kijiko. Pa! Kikapasuka vipande vitatu kama biskuti.

"Vyote," alisema. "Vyote kumi na viwili viko hivi."

Akadhani ni chungu. Akakifungua, akakisugua. Akadhani ni vioo, akavipima upya kimoja kimoja juu ya paa mpaka ngozi ya pua ikambabuka. Akadhani ni unga, akatengeneza mwingine. Wiki ya pili vigae vilipasuka. Wiki ya tatu vilipasuka vikiwa bado kwenye kalibu. Aliacha kuimba. Alikuwa anakaa mezani na kikombe mpaka chai inapata utando, akisoma tarakimu zilezile. Siku moja alinitazama kana kwamba ndiyo kwanza ananiona, akasema, "Labda sikuwahi kujua ninachofanya. Labda ilikuwa bahati tu." Nikamwambia asiseme hivyo.

Jumapili ya wiki ya nne, miguu yangu yenyewe, kwa mazoea, ilinipeleka nyuma ya mlango kuchukua ndoo. Nikainama, nikaishika mkono wake, ikawa nyepesi. Ndoo ilikuwa tupu. Ina vumbi.

Nilisimama pale na ndoo mkononi. Nilikumbuka Jumapili zote nilizoibeba ikiwa imejaa pakiti zinazong'aa ndani kama kioo, karatasi ngumu za biskuti, mifuko inayolia ukiigusa. Sihitaji kusoma kemia kujua kwamba kitu kinachotolewa kwa miaka miwili, kisha kikaachwa kwa wiki nne, kina maneno ya kusema.

Ningependa kusema nilikimbia kumwambia. Sikukimbia. Nilikaa kimya siku nne. Nilinyoa vichwa vya watu na kumkata mteja sikio kidogo. Kilichonifunga mdomo ni hiki: nikisema, ninamshtaki mama yangu kwa mke wangu. Na nikisema, vigae mia tatu vinakuwa uongo, pamoja na makala, na ile asilimia sitini na moja. Nilitamani kosa liwe kwenye vioo.

Alhamisi nikapiga moyo konde. Alikuwa anasuka nywele zake mwenyewe mbele ya kioo changu, kibanda kikiwa hakina mteja.

"Kuna ndoo," nilimwambia.

"Ndoo gani?"

Nikamweleza. Vidole vyake vikaacha kusuka katikati ya msuko. Hakupiga kelele. Aliniuliza mambo kama daktari wa kweli: ndoo ya ukubwa gani, ilijaa kiasi gani, kila wiki au baadhi, ndani yake kulikuwa na nini zaidi. Nikajibu yote. Akapiga hesabu kwa macho, midomo ikicheza.

"Moja kwa tano," alisema mwishowe. "Alikuwa anatoa pakiti moja katika kila tano. Zile zote ambazo unga wangu ulitakiwa kuzishinda." Akakaa kwenye kiti cha wateja. "Kwa hiyo unga wangu haukumpatanisha mtu yeyote. Wagombanao walikuwa wameshatolewa nje na mama."

Nilidhani atalia. Akacheka, kicheko kifupi kibaya, kisha ndipo akalia. Nikamshika kichwa, nusu kimesukwa, nusu hakijasukwa.

Kesho yake alikwenda kwa Profesa Mkato na kumwambia kila kitu kabla mtu mwingine hajagundua. Alirudi akiwa ametulia namna ya mtu aliyeng'olewa jino. Profesa alikuwa amesikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akamwambia kwamba makala lazima iandikiwe masahihisho, tasnifu isingekabidhiwa mwaka huo, na kwamba katika miaka yake yote wanafunzi waliomletea matokeo mazuri mno walikuwa wengi, lakini aliyerudi kuyakanusha mwenyewe alikuwa wa kwanza. Kisha akamwuliza swali ambalo mke wangu alilibeba nyumbani bila jibu: "Huyo mama mkwe wako, anajuaje ipi ya kutoa?"

Mama alirudi wiki mbili baadaye, amenenepa, ana picha za mapacha. Mke wangu alimpokea mzigo, akamwamkia kwa kupiga goti kidogo, akamtengea chai. Adabu tupu. Na hiyo adabu ndiyo iliyokuwa mbaya. Kabla ya hapo walikuwa wakitaniana kutwa, mmoja akimwita mwenzake Profesa wa Sabuni, mwingine akijibu, "Na wewe Daktari wa Makapi." Sasa ikawa, "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu." "Umeamkaje mama?" "Salama tu." Mimi ndiye niliyemweleza mama kuhusu ndoo, tukiwa wawili uani. Alinisikiliza, akatazama mabeseni yake matatu yaliyofunikwa. Siku hiyo hakufua. Sijawahi kumwona mama yangu akikaa siku nzima bila kufua, hata siku tuliyomzika baba.

Siku nane zikapita hivyo. Jumamosi ya pili magunia yakaletwa, kwa sababu zile nyumba arobaini hakuna aliyezikataza. Mama akaenda kukaa mbele ya magunia, akiwa hajui aguse au asiguse. Mke wangu akatoka na khanga kiunoni. Mimi nilikuwa kwenye mlango wa nyuma, na mteja ndani niliyemnyoa upande mmoja tu. Namshukuru yule mzee kwa uvumilivu wake, ingawa nadhani naye alikuwa ametega sikio.

"Mama," alisema mke wangu.

"Naam, mwanangu."

"Umeniumiza."

Mwaka wa kumi na mmoja wa ndoa, sikuwahi kumsikia akimwambia mama yangu neno kama hilo.

Mama akavuta pumzi ndefu, mabega yakashuka. "Haya," alisema. "Afadhali umelitoa. Nilikuwa nimechoka kuamkiwa kama mgeni wa serikali. Kaa hapa."

Mke wangu akakaa kwenye kigoda kilekile cha mama, wakabanana.

"Hospitali," mama alisema, "shuka ikitoka kwangu na doa, mgonjwa hamtukani dobi. Dobi hamjui. Anamtukana nesi aliyeitandika. Anayeaibika ni yule aliyesimama mbele. Sasa wewe ndiye uliyekuwa mbele, mbele ya maprofesa wote hao. Mimi nikaletewa pakiti ambayo najua kabisa haitafanya kazi, ngumu, inapiga kelele, ndani imepakwa bati, nikutilie kwenye mzigo wako? Ukaaibike?"

"Lakini hizo ndizo nilizokuwa nazitaka, mama. Nilitaka kuona kama unga utaziweza."

"Hukuniambia."

"Na wewe hukuniambia kwamba unatoa."

Mama akasema kwa sauti ndogo ambayo ilinibidi nisogee ili niisikie, "Miaka thelathini na moja hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kuniambia shuka zangu ni safi. Wewe ulikuwa unaniambia kila Ijumaa. Nikawa nataka kila wiki ziwe safi kuliko wiki iliyopita. Ndiyo hivyo tu. Sina sababu nyingine."

Mke wangu akafunika uso kwa mikono. "Mimi ndiye mjinga," alisema. "Nilikuwa nasema safi kabisa na wala siangalii. Mtafiti gani haangalii? Mifuko mia tano inaingia, mia nne inatoka, mimi nanusa sabuni."

"Huyu naye," mama akasema, akinyoosha kidole mlangoni bila hata kugeuka, "miaka miwili anabeba ndoo kama punda, hakuuliza kuna nini. Njoo hapa, usijifiche! Maliza kumnyoa mtu wako kwanza."

Wakacheka, wakacheka mpaka wakashikana. Mimi nikarudi kwa yule mzee, nikamnyoa upande wa pili, na nakiri haukulingana na wa kwanza.

Mwaka ulioongezeka haukuwa rahisi, lakini ulikuwa na furaha yake. Lile swali la Profesa Mkato ndilo lililogeuka kuwa kazi. Mama alipelekwa maabara, amevaa viatu vyake vya kanisani. Kabla hajagusa chochote akapewa fomu ya kukubali kushiriki utafiti. Aliisoma mstari kwa mstari, kidole kikifuata, mpaka akafika mahali palipoandikwa kwamba mshiriki anaweza kujitoa wakati wowote bila kutoa sababu.

"Mbona fomu hii sikupewa siku naolewa?" aliuliza.

Profesa Mkato, mtu asiyecheka, alilazimika kutoka nje kidogo.

Wakamwekea vipande mia mbili vya plastiki, vyote vimekatwa saizi moja, maandishi yamefutwa, kila kimoja kina namba ya siri. Mashine yao ya mwanga ilikuwa imeshavitambua vyote. Mama akaomba maji kwenye beseni na ukimya. Alivichagua kwa dakika hamsini, akiwa na mafungu matatu. La kwanza aliliita wanong'onao, zile laini kama mifuko ya maziwa. La pili wapiga kelele. La tatu, alilolifanyia kazi kuliko yote, aliliita wanafiki: pakiti ambazo kwa nje ni laini na pole, lakini ukizivuta kwa vidole gumba unasikia ngozi ya pili ndani yake inakataa. Katika mia mbili alikosea kumi na mbili. Alipoambiwa, alitaka kuonyeshwa zote kumi na mbili, akazishika moja moja na kuzisemea maneno ambayo hayakuandikwa kwenye daftari.

Mke wangu alirudia vigae vyote. Safari hii hakuna kilichotupwa bila kupimwa na kuandikwa. Ndoo ya nyuma ya mlango ikawa na mizani yake, na mimi nilipigwa marufuku kuigusa. Ikaonekana unga haukuwa bure kama alivyohofia. Haukuweza kuzishinda takataka zote zikija kwa mkupuo. Hilo dai lilikufa na likazikwa kwa heshima. Lakini mkono wa mtu ukishachagua, zikabaki zile chache zilizouponyoka, sita au saba katika mia, unga ulizimeza na kigae kikabaki kizima. Ule unga ulikuwa unasamehe makosa ya mama. Mke wangu alipolielewa hilo alitoka maabara kwa miguu mpaka nyumbani, mwendo wa saa nzima, kwa sababu hakuweza kukaa kwenye basi.

Akamfundisha mama? Hapana, mama ndiye aliyefundisha. Wanawake wanne wa kituo cha takataka walikaa naye uani kwa siku tisa, wakifunga macho na kusikiliza pakiti. Alikuwa mkali. Mmoja aliniambia huku nikimpunguza nywele kwamba mama mkwe wake mwenyewe, ukimlinganisha na mama yangu, ni malaika. Siku ya tisa walipimwa, na walikuwa wamemkaribia sana. Hesabu ya hewa ukaa ikapigwa upya, sasa na zile pakiti moja kwa tano zinazobaki bila kazi zikiwemo ndani. Ile sitini na moja ikashuka mpaka arobaini na nne. Mke wangu aliiandika arobaini na nne ubaoni nyumbani, akaitazama, akasema, "Ndogo, lakini hii nikiigonga haipasuki."

Siku ya kutetea tasnifu tulikaa safu ya nyuma, mimi na mama, yeye na kitambaa cha kijani kichwani na mkoba magotini kama yuko kituo cha basi. Mtahini wa nje alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, mtu wa kuuliza jambo moja mara tatu kwa njia tofauti. Alimbana mke wangu kwenye vioo, akambana kwenye unga. Kisha akafika sura ya tano.

"Hizi pakiti za tabaka mchanganyiko," alisema, "wachaguzi wako wanazitambuaje?"

Mke wangu alikuwa amejiandaa na jibu refu lenye maneno ya kitaalamu. Uchovu au hofu vikamtelezesha ulimi. "Wanafiki, kwanza unawavuta kwa vidole gumba," akasema, na akafunga mdomo kwa mkono.

Ukumbi ukaangua kicheko. Mtahini hakucheka. Aliandika neno hilo. "Na huyo aliyeanzisha mbinu hii, siku asipokuwepo?"

"Hilo limeshanitokea," mke wangu akajibu, sauti sasa imetulia. "Vigae vyangu vilipasuka wiki nne mfululizo. Yote yaliyomo katika sura ya tano nimeyajua kwa sababu siku moja hakuwepo. Ni mama yangu mkwe. Amekaa pale nyuma."

Vichwa vikageuka. Mama akakaza mkoba wake, akanong'ona, "Mbona ananitaja, nimefanya nini tena?" Nikamwambia atulie. Mtahini akamwinamishia kichwa, kidogo tu, kama watu wa kazi moja wanavyosalimiana, naye mama akamrudishia vilevile.

Alifaulu. Alipewa marekebisho ya wiki sita, na nusu ya hayo ni mikato.

Asubuhi yake nilifungua kibanda kama kawaida, mteja wa kwanza akakaa, nikawasha mashine. Haikuchukua nusu dakika, mlango wa nyuma ukafunguliwa na mama, kidole mdomoni, jicho kali.

"Zima hiyo," alininong'oneza. "Mwanangu amelala."

Nikamwambia kuna mtu kwenye kiti.

"Mikono huna?"

Kwa hiyo nilinyoa kwa mkasi mpaka saa sita mchana, wateja wote wakiongea kwa kunong'ona na hakuna aliyelalamika, na uani mama alisuuza vyombo kimoja kimoja, akivilaza juu ya taulo ili visigongane.